Siku Niliyookota Mpira wa Atieno

Mimi si mtu wa kuona haya ovyo. Nimewahi kuteleza na karai la omena, zile dagaa za ziwa, mbele ya watu wanatoka kanisani, nikainuka, nikapangusa magoti, nikaendelea kuuza zile ambazo hazikuguswa na matope. Lakini hii ya uwanja wa gofu ikitajwa natafuta kitu cha kufanya jikoni hata kama sufuria zote nimeshaosha. Sasa kwa vile rafiki yangu Mama Benta ameisimulia mtaa wetu mzima wa Lindi, na kila akiisimulia anaongeza (juzi nimesikia ati nilibeba mpaka bendera), afadhali niseme mwenyewe ilivyokuwa.

Atieno ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa kwanza, nimemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, na nikisema ni mrembo na ana akili msidhani ni kwa sababu ni wangu, ni kwa sababu ni kweli. Kazi yake ni kedi, yaani anawabebea wachezaji wa gofu ule mfuko wa fimbo, anatembea nao uwanja mzima, anawaonyesha mpira umeangukia wapi. Jumatatu makedi nao wanaruhusiwa kucheza, na hapo ndipo na yeye alianza, kwa kuiga tu, bila kufundishwa na mtu. Nilimwona mara moja kupitia kwa ua. Alikuwa anapiga ule mpira kama mtu anafyeka majani ya ng'ombe, mpira unaenda huku na yeye anaangalia kule.

Halafu baridi ikaingia. Hii ya mwaka huu mnaijua wenyewe, ile ya Juni mpaka Agosti, jua halionekani na manyunyu hayaishi, na wale wenye pesa hawatoki kitandani mapema kwenda kushika fimbo ya chuma. Mwalimu wao, Kamande, akawa anakaa tu asubuhi anakunywa chai. Siku moja akamwambia Atieno, "Wewe una mkono, lakini hakuna aliyekufunza kuutumia. Kuja kila asubuhi kabla ya kazi, baridi hii nikutengeneze."

Basi mtoto akawa anatoka giza halijaisha, ananirudia jioni vidole vimekakamaa, namwekea maji moto kwenye beseni. Na bado akifika nyumbani anaendelea. Mwalimu alikuwa amemwambia lile pigo la mwisho, lile dogo la kusukuma mpira ndani ya shimo, anaweza kujifunza hata chumbani, mradi apate kitu laini cha kutandika chini. Kitu laini katika nyumba yetu ni blanketi langu. Julai hiyo, jamani, mimi mzee mwenye magoti mabovu, nimekaa kitandani na masweta yangu mawili natazama blanketi langu likiwa uwanja, na kikombe cha chai kimelazwa kwa ubavu kikiwa shimo. Tok, mpira unaingia. Tok, unaingia. Jirani wa upande wa pili wa mabati anagonga ukuta, "Dani, hiyo ni nini tena?" (Dani ni bibi kwa Kijaluo, hapa kwetu wote wananiita hivyo.) Namjibu, "Ni masomo, wewe lala."

Sasa kulikuwa na timu ya makedi ya kwenda kucheza Mombasa, na kwenye hiyo timu nafasi ya mwanamke ilikuwa moja. Moja tu. Wakacheza wasichana, wakatolewa mmoja mmoja, hadi wakabaki wawili, Atieno wangu na Wambui wa Kawangware, wakutane Jumatatu, mshindi aende. Atieno hajawahi kuona bahari. Usiku alikuwa anaongea akiwa amelala, na mimi nasikia, na alichokuwa anasema ni, "Pole pole, usisukume."

Jumapili akanikalisha. "Dani, kesho familia zimekubaliwa kusimama kwa shimo la mwisho. Unaweza kuja. Lakini gofu si mpira wa miguu. Mtu akipiga, watu wananyamaza."

"Mimi najua kunyamaza."

"Lini?"

"Usinichezee. Nikikaa kanisani si nanyamaza?"

"Kanisani wanakutegemea wewe kwa vigelegele, Dani."

Nikamwapia nitanyamaza. Na ningenyamaza, Mungu ni shahidi, isipokuwa asubuhi nikitoka mlangoni nikaona leso zangu za kujifunga kwa kamba, nikasema wacha nibebe mbili. Hapo tu. Hapo ndipo nilipoharibu. Kwa sababu hapa kwetu mtoto akifaulu, hata akimaliza nasari, unamtandikia leso atembee juu yake asikanyage vumbi, na nikajiambia, Atieno akishinda na mimi sina leso nitaficha wapi uso. Halafu nikaona leso bila mtu wa kusaidia kutandika ni kazi bure, nikampitia Mama Benta. Mama Benta naye akasema kama kuna leso lazima kuwe na yale mapambo ya kumeremeta ya kuvalisha shingoni, na anayo ya graduation ya Benta, akayatia kwa mfuko wa plastiki. Mnaona vile mambo yanavyokua. Nilitoka kwenda kunyamaza, nikafika nikiwa na harusi kwenye mfuko.

Tukasimamishwa nyuma ya kamba. Na hapo kando yetu alikuwa amesimama nyanya yake Wambui, mama mwenye ploti zake Kawangware, si mpangaji kama mimi, amevaa koti zuri na mwavuli ameufunga vizuri anauegemea. Tukasalimiana.

"Wewe ndiye Dani ya Atieno?"

"Ndiye mimi. Na wewe ndiwe Cucu wa Wambui."

"Ndiyo. Wako anacheza vizuri."

"Hata wako anajaribu," nikasema. (Ndiyo, nilisema hivyo. Mama Benta alinifinya.)

Wasichana wakaja. Walikuwa wamefungana alama mpaka hapo, kwa hivyo shimo hilo la mwisho ndilo la kuamua. Wambui akamaliza yeye kwanza, mpira wake ukaingia kwa pigo la tano, na kwa gofu mwenye mapigo machache ndiye mshindi. Ikabaki zamu ya Atieno, na yeye alikuwa amepiga mara mbili tu, mpira uko mbali, kule pembeni. Kukawa kimya, mimi pia kimya, hata nilikuwa nimeziba mdomo kwa kitambaa. Akaangalia, akainama, akaangalia tena, vile alivyokuwa akifanya kwa blanketi langu. Akapiga. Ule mpira ukaja, ukaja, ukapanda kimlima, ukashuka, unaelekea kwenye shimo kama mtu anarudi kwao, na mimi mahali niliposimama shimo lenyewe silioni, maana ile bendera ya kuonyesha shimo walikuwa wameiondoa na kimlima kimenizibia. Nikasikia makedi wanapiga makofi.

Sasa nyinyi mngesema nini? Watu wamepiga makofi. Mtoto anatabasamu. Mimi nikajua imeisha.

Kigelegele kilichonitoka, sijui kilitoka wapi. Nilipita chini ya kamba na magoti haya haya ambayo hospitali wanasema yameisha, nikamwambia Mama Benta, "Piga simu nyumbani, waambie ameshinda, Risper wa mlango wa pili achinje ile kuku yangu," nikakimbia kwenye zile nyasi laini wanazozilinda kama mtoto mchanga, nikatandika leso, moja hapa, moja pale, nikamkumbatia Atieno, na Mama Benta huku simu iko sikioni huku anamvalisha mapambo shingoni. Na mpira nikauona umekaa pale kwenye nyasi. Nikafikiri wameutoa kwa shimo. Nikauokota, nikaubusu, nikautumbukiza kifuani, pale ninapoweka simu na pesa, niupeleke nyumbani uwe kumbukumbu.

Ni Atieno aliyenifanya nigeuke. Hakuwa ananikumbatia. Mikono ilikuwa imening'inia tu.

"Dani," akasema pole pole, "bado."

"Bado nini?"

"Haujaingia."

Nikatazama watu. Makedi wote wameshika vichwa. Kumbe yale makofi yalikuwa ya kusema amesogeza vizuri. Mpira ulikuwa umesimama kabla ya shimo.

Mwalimu Kamande akaja, mtu mpole, hakunipigia kelele, na heri angepiga. "Mama, hakuna shida kubwa. Wewe si mchezaji, kwa hivyo Atieno hataadhibiwa. Tunaurudisha mahali ulipokuwa. Mpira uko wapi?"

Sasa hapo. Mpira ulikuwa ndani. Na kwa sababu ya baridi nilikuwa nimevaa blauzi, na sweta, na sweta lingine, na fulana ya marehemu mzee, na ule mpira haukukaa kifuani, uliendelea na safari. Nikaingiza mkono kutoka juu, hakuna. Nikaingiza kutoka chini, hakuna. Wanaume wakageuka kuangalia miti. Mama Benta akanizunguka na leso kama natahiriwa, ananiambia, "Ruka, ruka utashuka." Nikaruka. Mbele ya watu wote, kwenye nyasi zao, bibi mzima naruka. Ukatokea kwa mguu, ukabiringika kidogo, ukasimama.

"Asante," akasema Mwalimu. Mdomo wake ulikuwa unatetemeka. "Na ulikuwa umesimama wapi?"

Nikamwonyesha, hapa, karibu kabisa na shimo. Sitawadanganya, sikujua ulikuwa wapi, lakini kama lazima nichague, nichague mbali kwa nini? Atieno akakataa. "Hapana, Dani, ulikuwa huku." Akaonyesha mbali, mbali mno, nikataka kulia. Ndipo Cucu wa Kawangware akaingia na mwavuli wake, akatembea pole pole, akagusa nyasi kwa ncha.

"Ulikuwa hapa. Mtoto, usijiibie. Nilikuwa nautazama vizuri kuliko nyinyi wote, maana nilikuwa nauombea usiingie."

Wambui mwenyewe akasema ndiyo, ni hapo. Palikuwa kama hatua mbili. Na nyumbani, kwa blanketi, hatua mbili ni kitu alikuwa anaingiza akiongea na mimi habari za unga.

Hesabu ilikuwa rahisi, hata mimi wa darasa la tatu niliielewa. Akiingiza kwa pigo moja ameshinda. Akiingiza kwa mawili wamefungana. Tukatoa leso, tukarudi nyuma ya kamba, hakuna aliyekohoa. Akavua yale mapambo shingoni, akampa Mwalimu ashike. Akainama. Nikaona mkono wake unatetemeka, ule mkono uliotengenezwa baridi nzima.

Pigo la kwanza likapitiliza. La pili likazunguka mdomo wa shimo likatoka. La tatu likaingia, yote sita, moja zaidi ya Wambui.

Wakavua kofia, wakapeana mikono. Wambui ndiye aliyelia, si wangu.

Tulirudi kwa miguu. Atieno mbele, mimi katikati, Mama Benta nyuma na mfuko. Nikamwambia, "Nyathina, mtoto wangu, nisamehe." Akasema bila kugeuka, "Kabla ya leso mkono ulikuwa umetulia, Dani. Ulikuwa umetulia kabisa." Basi. Afadhali angenitukana.

Na mimi kwa huzuni hiyo nilikuwa nimesahau ile simu.

Tulipokaribia kwetu nikasikia ngoma. Nikafikiri ni kanisa. Tukakunja kona, watu wamejaa kwenye ujia, leso zimetandikwa mpaka kwa mlango wetu, watoto wanaimba jina lake, na Risper ameshika mwiko, kuku tayari iko kwenye moto. Nilitamani mtaro unimeze. Wakamwinua Atieno juu kabla hajasema neno, na yeye huko juu anasema "Ngojeni, ngojeni," hakuna anayemngoja. Walipomshusha akawaambia wazi, "Sikushinda. Nimekuwa wa pili."

Ngoma ikakoma. Jirani yetu mmoja, mzee wa kushona viatu, akauliza kwa upole, akitaka kumfariji, "Wa pili kati ya wangapi?"

"Wawili," akasema Atieno.

Nikaona nimwokoe. Nikaanza kueleza ati yule mwingine alikuwa na bahati, ati nyasi zilikuwa na maji, ati kulikuwa na upepo. Mama Benta akaniangalia, akaweka mfuko chini.

"Upepo gani? Sema ukweli, nyar nam, binti wa ziwa wewe. Upepo ndio uliookota mpira ukautia kwa matiti?"

Akawaeleza yote, palepale, na mikono, na kuruka, akaruka vile nilivyoruka, anainua sketi anatingisha mguu. Watu wakashika kuta kwa kicheko. Risper aliangusha mwiko. Nikasimama hapo nikiwa nimeinamisha kichwa kama mwizi wa kuku aliyeshikwa, nikatazama chini ya kitambaa changu nimwone Atieno. Alikuwa amekaza mdomo. Halafu akageukia Mama Benta.

"Umeruka vibaya. Dani aliruka juu zaidi."

Na akacheka. Alicheka hadi akakaa chini kwenye leso, machozi yakamtoka, na nafikiri yale ya uwanjani yalitoka pamoja na hayo. Tukala kuku. Wa pili naye anakula.

Wambui alienda Mombasa, na akampigia Atieno simu kutoka huko amsikilizishe mawimbi, mtoto mzuri yule, nyanya yake amemlea. Mwalimu Kamande naye amesema baridi ya mwakani ikiingia wanaanza tena, na safari hii atamfundisha kucheza kukiwa na kelele. Blanketi nimeshamwambia achukue.

Na nitaenda tena kumwona, hakuna wa kunizuia, lakini sitoki nyuma ya kamba hata uwanja ushike moto. Najua sasa kwamba makofi si kitu, mpaka wavue kofia na wapeane mikono. Na hata nikiwaona wamevua kofia na wamepeana mikono, nitamuuliza kwanza aliye karibu nami, "Wewe, kweli imeisha?" Akisema imeisha, basi watu wa Kawangware wazibe masikio.