Ukuta wa Kushoto

Watu aliowashonea nguo kwa miaka ishirini hawakulijua jina alilopewa na wazazi wake. Walimwita Futi, basi, kwa sababu futi ya kupimia haikumtoka shingoni, awe kazini, sokoni au msibani. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na vipimo vingi, na alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja hata kwa rafiki: nguo haikatwi mwenyewe hayupo. Ukimpelekea kitambaa cha dada yako pamoja na gauni lake kuukuu la kupimia, atakurudishia vyote viwili na kukuambia, "Mlete dada." Wengine walinuna wakaenda kwa mafundi wengine, kisha wakarudi na magauni yanayobana makwapa. Sheria hiyo usiisahau, maana tutairudia, na tutairudia kwa aibu.

Aliishi na mama yake katika nyumba iliyojengwa na marehemu baba yake. Mbele kulikuwa na chumba cha cherehani, halafu sebule ndogo, vyumba viwili vya kulala na jiko huko nyuma, na korido nyembamba yenye giza iliyoviunganisha vyote. Mama hakuwa anaona. Presha ya macho ilimchukua jicho moja, na kabla hajamaliza kulililia ikachukua la pili. Mwaka huu ulikuwa wa kumi na mbili.

Lakini ndani ya nyumba ile ungeweza kukaa wiki nzima usigundue. Mama alichemsha chai akaimimina bila kumwaga tone. Alivipanga vifungo vya Futi kwa ukubwa, kwa ncha za vidole, na akikuta chenye ufa alikitupa huku akiwalaani waliokitengeneza. Akitoka chumbani kwake kwenda jikoni, aliipitisha migongo ya vidole juu ya ukuta wa kushoto wa korido, kidogo tu, kama mtu anayepangusa vumbi, na alikwenda kasi kuliko Futi mwenyewe. Ukutani hapo palikuwa na mstari mweusi wa kimo cha kiuno, kutoka mlango wa chumba hadi mlango wa jiko. Kila mwisho wa mwezi Futi aliusugua kwa brashi na sabuni huku akigomba, "Huu ukuta nani anauchafua?" Mama alijibu kwamba labda ni mijusi.

Mambo yalianza na paa. Lilikuwa linavuja, likawekewa ndoo, ndoo zikawa tatu, ndipo akaitwa fundi wa mtaa. Huyu alibandikwa jina la Kesho kwa sababu ambazo kila aliyewahi kujenga anazijua. Kesho akapanda juu, akatoboa dari, akaigonga mbao moja kwa nyundo. Mbao ikamwagika kama unga. Mchwa walikuwa wameila ikabaki rangi ya nje tu.

"Dada," akasema kutoka huko juu, na sauti yake haikuwa ile ya utani. "Mchukue Bibi mtoke nje. Polepole. Msifunge mlango kwa nguvu."

Futi, ambaye hakuwahi kuiacha cherehani yake wazi hata kwa dakika moja, aliiacha na kitambaa kikiwa bado chini ya sindano. Wakasimama barabarani yeye na mama yake. Futi alilitazama paa lile. Wamelala chini yake miaka yote hiyo, na kumbe lilikuwa linashikiliwa na mazoea!

Ikaamuliwa Mama aende kwa mdogo wake, yule mama mdogo anayekaa ng'ambo ya soko, hadi kazi iishe.

"Ni paa tu, sivyo?" Mama akauliza akiwa ameshabeba mfuko wake.

"Ni paa tu, Mama."

Na siku aliposema hivyo ilikuwa kweli. Hakumdanganya.

Paa jipya likapanda, mbao ngumu, bati zinazong'aa, na Futi akalala usingizi ambao hakuwa ameupata tangu siku ile ya mbao. Hapo ndipo mdogo wake wa kiume alipopiga simu. Huyu alifanya kazi mbali, na kama ndugu wengi walio mbali, alikuwa na mawazo mengi kuhusu nyumba asiyoifagia.

"Dada, fundi si yupo? Vumbi si limeshaingia? Toa na ule ukuta wa korido, korido iungane na sebule. Mama apate nafasi, apate hewa. Nimekutumia picha. Mwenye macho haambiwi tazama."

Futi akaitazama picha. Sebule pana, sakafu ya vigae, mwanga umejaa hadi kwenye kona. Akautazama ukuta wake wenye mstari mweusi aliochoka kuusugua. Akatoa futi shingoni akaanza kupima.

Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakutuambia ukibomoa ukuta usio na ufa utajenga nini.

Ukuta ulianguka kwa nusu siku. Mwanga ukamwagika ndani, na Futi akalia kwa furaha katikati ya kifusi. Siku ya pili nyundo ikapiga bomba, maji yakaruka hadi darini, sufuria zikaelea jikoni, na fundi akapotea siku nne akiahidi kuja kesho. Aliporudi akaweka vigae, na Futi akapima nyuma yake, akamkuta amekosea vidole viwili, akamfanya abandue mstari mzima. Walizozana hadi majirani wakaja kuamua. Mlango wa jiko nao ukahamishwa kutoka kushoto kwenda kulia ili meza ikae vizuri. Wiki sita zikawa kumi. Siku ya mwisho Futi alitembea peku juu ya vigae, akauona uso wake sakafuni, akashindwa kuamini kwamba hapo ni kwao.

Mama akarudishwa siku ya Jumapili, alasiri. Mama mdogo ndiye aliyemleta. Yule kaka aliyepiga simu alikuwa amefunga safari kwa ajili hiyo, na Kesho mwenyewe alikuja amevaa shati safi ili asifiwe. Mama akavua viatu mlangoni, akanusa.

"Mmepaka rangi."

"Ingia uone, Mama!" akasema kaka, na hakuna hata mmoja aliyesikia alichokisema.

Mama akaingia. Akakipita chumba cha cherehani kwa mwendo wake wa siku zote, akakata kona pale ilipoanzia korido, akainua mkono wa kushoto. Mkono haukukuta kitu. Akaunyoosha zaidi, akapiga hatua moja, ya pili, vidole vikitafuta hewani. Kisha akasimama. Wote walikuwa wanatabasamu, na tabasamu zikawagandia usoni.

"Hii nyumba ya nani?" Mama akauliza.

"Ni kwetu, Mama," akasema Futi.

"Kwetu kuna ukuta hapa."

Kesho akaviinamia viatu vyake. Futi akashika kiti. Mama yake haoni. Alikuwa anajua, yeye ndiye aliyempeleka hospitali, yeye ndiye aliyeambiwa na daktari. Na kwa wiki kumi alipima kila kitu ndani ya nyumba ile, hadi upana wa kigae, na hilo halikumjia kichwani hata mara moja.

Utaniuliza inawezekanaje. Hata mimi niliposimuliwa niliuliza hivyo hivyo, na kwa ukali. Lakini mtu akiubeba mzigo wake miaka kumi na miwili bila kuguna, walio karibu naye husahau kwamba amebeba. Wageni ndio wanaokumbuka. Kama angekuwepo mgeni, angewauliza siku ya kwanza, "Na Mama atapitaje?"

Mama hakugomba, na hilo ndilo lililomtia Futi hofu. Alisema pazuri, panapitisha hewa. Akaketi kwenye kiti walichomwekea, akabaki hapo. Akitaka kwenda chooni alisema, "Mwanangu, nishike mkono," kwa adabu, kama mgeni asiyetaka kuwasumbua wenyeji. Chai akaletewa. Boksi la vifungo halikufunguliwa. Kaka akaondoka akisema atazoea tu, mpeni muda.

Siku ya tisa Futi alitoka kwenda kununua uzi na bitana. Mama alikuwa kitini, ameshashiba, redio inaongea. Dukani palikuwa na foleni, njiani akakutana na mteja mwenye lawama, na aliporudi saa mbili zilikuwa zimepita.

Alimkuta mama yake amesimama katikati ya sebule. Amesimama tu, wima, mikono imeshuka, uso umeelekea dirishani. Kiti kilikuwa hatua tatu nyuma yake. Miguu ilikuwa imevimba, na vigae vilivyong'aa chini yake vilikuwa vimelowa.

Mfuko wa bitana ukamtoka Futi mkononi.

"Mama! Umesimama hapo tangu lini?"

"Tangu ulipofunga mlango. Nilitaka kwenda chooni."

"Kwa nini hukukaa chini? Kwa nini hukuita, majirani wakasikia?"

"Ningewaambia niko wapi?" Mama akasema taratibu. "Nilikuwa nautafuta ukuta. Nikasema nikitulia, labda nitakumbuka uko upande gani."

Futi hakulia hapo. Alimwogesha, akambadilisha nguo, akamkanda miguu kwa maji ya vuguvugu, akamlaza. Ndipo alipoingia chumba cha cherehani, akakifunga mlango, akajipiga kofi. Nguo haikatwi mwenyewe hayupo. Wateja wangapi amewafukuza kwa neno hilo! Akachukua simu.

"Njoo ujenge ukuta," akamwambia fundi.

"Upi, dada? Haya, kesho asubuhi na..."

"Leo."

Akamweleza alichokikuta sebuleni. "Nakuja," akasema Kesho, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ufundi alifika siku ile ile aliyoitwa.

Kazi ilikuwa kujua ukuta ulisimama wapi hasa, maana vigae vilikuwa vimefunika kila kitu, na mlango wa jiko ulikuwa umehama. Kesho akasema ulikuwa hapa, Futi akasema hapana, pale. Mlango wa chumba ukafunguka nyuma yao. Mama alikuwa ameshika fremu.

"Mnabishana nini na mwenyewe nipo? Nipimeni mimi."

Futi akavua futi shingoni, akapiga magoti. Akampima mama yake kama ambavyo angempima mteja: urefu wa hatua, kimo cha mkono unapoinuliwa kidogo, nafasi kati ya bega na kiwiko. Mama akaanza kutembea kutoka kwenye fremu bila kushikwa, akihesabu kwa sauti, amekunja kiwiko cha kushoto kama zamani. Kesho akamfuata akichora kwa chaki chini ya vidole vyake. Hatua tisa. "Jiko," akasema Mama, akasimama.

Fundi akabandua kigae cha kwanza juu ya chaki. Chini yake palikuwa na kisiki cha ukuta wa zamani, tofali kwa tofali, sawasawa na mstari. Hata vidole viwili havikukosewa. Kesho akaketi sakafuni, patasi mkononi, akabaki amekitumbulia macho kisiki kile.

Kaka aliposikia alipiga simu akiwa amewaka. "Dada, unaiharibu nyumba! Mwanga wote ule!"

"Ukija likizo, nitakufunga kitambaa machoni," Futi akamwambia. "Ukifika jikoni na kurudi, nitaubomoa tena."

Ukuta ukamalizika kwa siku tano, mlango wa jiko ukarudi kushoto. Fundi alimshauri Futi achukue ile rangi ya kung'aa, inayofutika uchafu kwa kitambaa tu. Futi akasema hataki inayofutika, na brashi ya kusugulia akaitupa.

Ningependa kukuambia kwamba Mama alirudi kuwa yule yule. Vifungo vimerudi, chai inamiminwa, laana kwa watengeneza vifungo zipo pale pale. Ila kila asubuhi, kabla hajasimama, huita kutoka chumbani, "Ukuta upo?" Na Futi hujibu kutoka kwenye cherehani, "Upo, Mama." Asubuhi moja alikuwa na pini mdomoni, akachelewa kujibu, halafu mteja akaingia, akasahau. Baadaye sana alipokwenda kuchungulia, alimkuta Mama ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu chini, anasubiri.

Tangu siku hiyo Futi haweki pini mdomoni kabla mama yake hajasimama.