Mama Vioo na Kioo Asichouruhusu Mkono Wake Kukifuta

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mama Vioo amesimama sebuleni kwake mbele ya kioo kichafu, mikono ameiweka nyuma. Amekwishavaa sare ya kazi, na chai yake inapoa juu ya stuli. Kioo kina utando wa kijani pembezoni na vijidoa vingi katikati. Anakitazama kwa uchungu wa wazi kabisa.

"Mikono yangu siiamini," anasema. "Ndiyo maana naiweka nyuma."

Mwanamke huyu wa miaka arobaini na sita anafuta vioo vya majengo ya ofisi, kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na tisa. Wenzake ndio waliompa jina la Mama Vioo, na jina likamganda. Akiwa ng'ambo ya barabara anaweza kuona alama ya kidole kwenye mlango wa benki, na roho yake haitulii mpaka alama hiyo imeondoka.

Nyumbani ana tangi la kioo lenye kambare sita wa mapambo, samaki wadogo wasiofika urefu wa kidole, wenye sharubu na ngozi ya madoadoa. Kambare wa aina hii hutaga mayai yao kwenye kioo. Hapo ndipo balaa lote lilipoanzia.

Tangi alipewa na daktari wa meno aliyefunga kliniki yake katika moja ya majengo anayoyasafisha. Daktari alimwambia achukue kila kitu, samaki kwa maji, kwa kuwa ni yeye peke yake aliyewahi kulisafisha. Baadaye mwenye duka la samaki wa mapambo akamwahidi kwamba akifanikiwa kuwazalisha atanunua vifaranga thelathini kila mwezi, si pungufu, kila mmoja kwa bei ya mikate mitatu. Mama Vioo alipiga hesabu akiwa juu ya ngazi. Ilikuwa karibu nusu ya mshahara wake.

Nusu hiyo si ya anasa. Bega lake la kulia limechoka. Mkono unapanda mpaka usawa wa sikio, halafu unagoma. Daktari wa hospitali alimwandikia cheti cha kuacha kazi za kuinua mkono. Msimamizi wake alikisoma mara mbili, akamrudishia, akasema kufuta madirisha bila kuinua mkono ni jambo ambalo hajawahi kulisikia. Vifaranga wakipatikana, ataweza kuomba zamu ya nusu siku, afute milango ya chini tu, na ngazi aiage.

Tatizo ni kwamba kwa mwaka mmoja na nusu kambare wametaga mara tano, na hajapata kifaranga hata mmoja.

Mara ya kwanza kosa lilikuwa lake mwenyewe. Jumapili moja aliona vijidoa vidogo upande wa ndani wa kioo. Akachukua mpira wake wa kufutia, ule ule wa kazini, akaupitisha mara mbili kutoka juu hadi chini. Kioo kikang'aa. Jioni alimpigia simu mwenye duka kulalamika kwamba samaki wake ni wavivu, hawatagi. Katika mazungumzo akataja vile vijidoa. Mwenye duka akamwambia hayo ndiyo yalikuwa mayai yenyewe.

"Niliwafuta wote, halafu nikarudi nyuma hatua mbili kuangalia kama kimetakata," anasema, na hasira ya siku ile bado imo katika sauti yake.

Mara ya pili kambare wenyewe waliyala mayai yao kabla ya chai ya asubuhi. Mara ya tatu aliyabandua kwa ukingo wa kadi na kuyaweka kwenye chupa, yakaota ukungu yote. Mara ya nne umeme ulikatika kutwa nzima, pampu ya hewa ikazimika. Mara ya tano hapendi kuizungumzia. Akibanwa sana anakiri kwamba alikuwa akiongea na simu, akili iko kwingine, na mkono ukafanya kazi yake wenyewe.

Tangu siku hiyo mpira wa kufutia unalala kwa jirani, fundi cherehani, mwenye amri ya kutomrudishia mpaka saa ya kwenda kazini, hata akija analia.

Jumanne ya wiki hii alibadilisha nusu ya maji ya tangi kwa maji baridi, maana kambare wakihisi ubaridi hudhani mvua imenyesha, wakataga. Wakataga kweli. Kioo cha mbele chote kikajaa mayai sitini na mawili, akayahesabu. Kambare wazazi akawahamishia kwenye beseni kubwa bafuni pamoja na pampu ya pili. Sasa nguo za nyumba nzima zinafuliwa kwenye ndoo, na mumewe, fundi wa majokofu, anaoga akiwa amelipa beseni mgongo.

"Wananitazama," mume anasema. "Mtu umechoka na kazi, unataka kujimwagia maji tu, kuna macho kumi na mawili."

Lakini uvumilivu wake una mwisho, na mwisho huo ni Ijumaa. Mama yake mzazi anahamia kwao siku hiyo, na kitanda chake kinahitaji ukuta wa tangi. Kitanda chenyewe kimeegemezwa nyuma ya mlango, vipande vipande. Mume ametoa uamuzi: safari hii wasipotoka vifaranga, tangi litatoka. Mama Vioo alikubali. Amechoka hata yeye, na alisema hivyo bila kuficha.

Kuna na la pili. Mama mkwe ni mtu wa usafi asiye na mchezo. Alipowatembelea mara ya mwisho alipitisha kidole juu ya fremu ya mlango, akakiangalia, akakifuta kwenye leso yake. Kwa hiyo wiki nzima mume anamsihi mkewe afute kioo kile, walau upande wa nje, mama asije akakuta aibu sebuleni kwa mtu anayelipwa kufuta vioo. Mama Vioo amekataa katakata. Anaujua mkono wake. Ukianza nje utamalizia ndani.

Alhamisi mayai kumi na moja yamekuwa meupe, yameharibika, na mume ameyatoa kwa kibano. Katika kila lililobaki kuna nukta mbili nyeusi, na Mama Vioo anasema hayo ni macho.

Ijumaa anakwenda kazini kama kawaida, ghorofa ya tatu, na ruhusa ya kutoka mapema ananyimwa. Anarudi saa kumi jioni. Anafungua mlango, na kabla hajavua viatu anaona kioo kinang'aa. Kinang'aa kama mlango wa benki. Katikati hakuna doa wala yai. Mama mkwe ameketi kwenye kochi, kitambaa kibichi mkononi, ametabasamu kama mtu anayengoja shukrani.

Mama Vioo anasema neno ambalo atalijutia.

"Mama, umewaua."

Tabasamu linaondoka usoni kwa mama mkwe. Anakunja kitambaa mara mbili, polepole, na kukiweka mapajani.

"Nimefuta nje tu, mwanangu," anasema. "Ndani nilikatazwa kama mtoto mdogo. Nilisikia bega linakusumbua."

Mume anatoka jikoni na kuthibitisha. Alisimama karibu na mama yake muda wote, hakuna mkono ulioingia ndani. Basi mayai yako wapi? Mama Vioo anachukua tochi, anapiga magoti, anamulika chini kwenye mchanga.

Kitu chembamba kama kope kinaruka na kutulia. Pembeni yake kingine. Nyuma ya jiwe kuna kundi zima, kila mmoja na mkia wake. Wametoka wenyewe, wakashuka wenyewe, mchana, yeye akiwa juu ya ngazi.

Anaanza kuhesabu kwa sauti, anapotea, anaanza upya. Akiwa bado amepiga magoti anageuka na kumwomba mama mkwe msamaha, huku machozi yakimtoka. Mama mkwe anakiweka kitambaa kando. Anauliza tu wadogo hao wanakula nini.

Wanakula vumbi la kiini cha yai la kuchemsha, na huo utando wa kijani kwenye kioo. Jumamosi wanahesabika thelathini na wanane. Jumapili thelathini na watano. Mpaka wafike ukubwa wa kuuzwa ni miezi miwili na zaidi, na Mama Vioo hajidanganyi. Barua ya kumwomba msimamizi zamu ya nusu siku ameshaiandika, ila nafasi ya tarehe ameiacha wazi. Kambare wazazi wanaendelea kukaa bafuni, na mume ameacha kuhesabu macho.

Tangi halikutoka. Mume alipima ukuta kwa shibiri mara nne, akagundua kwamba kitanda kikigeuzwa, upande wa miguu utapita chini ya meza ya tangi. Mama yake sasa analala miguu ikiwa chini ya samaki, na kila asubuhi analalamika kuhusu sauti ya pampu.

Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu, Mama Vioo ameshachukua mpira wake kwa jirani. Bega linauma. Anasema mwezi huu ataipanda ngazi, na ujao pia, na baada ya hapo tutaona. Anarudi kuchungulia mara ya mwisho kabla ya kuondoka.

Mama mkwe ameamka. Amesimama mbele ya tangi, uso wake ukiwa usawa wa kioo, akiutazama utando wa kijani unaoanza kusambaa upande wa ndani.

"Uchafu huu unanikera, mwanangu," anasema. "Unanikera kweli kweli."

"Hata mimi, mama."

Mikono ya mama mkwe iko nyuma, kiganja kimoja kimeushika mkono wa pili kwa nguvu.