Damu ya Pasaka Mlangoni kwa Mwenye Nyumba

Darasa la watoto wadogo nililipata kwa sababu moja tu. Siku kanisa letu lilipogawana huduma, mimi nilikuwa bandari ya Huangpu nafuatilia kontena, na asiyekuwepo kikaoni huchaguliwa kwa kauli moja. Kazi yangu ni kununua magauni Guangzhou na kuyapeleka Mwanza. Watoto wa miaka mitatu, minne, nilikuwa sijui hata wanashikwa wapi.

Nilipangwa pamoja na mama mmoja wa Lubumbashi, mnunuzi wa simu. Alisomeshwa na masista, na mpaka leo akikaa kwenye kiti utadhani masista wanamwangalia. Yeye ndiye aliyetaka tufundishe Pasaka kwa vitendo.

"Batoto habasikie na masikio, dada," aliniambia. "Banasikia na mikono. Voilà."

Jumapili ikafika. Ibada ilikuwa ghorofa ya nne kwa mchungaji, watoto wakateremshiwa kwangu ghorofa ya tatu kama mzigo uliozidi kilo. Tukaanza na mikate isiyotiwa chachu. Unga wa Waisraeli haukupata muda wa kuumuka. Wetu haukupata hata muda wa kuwa mkate. Uliishia kwenye nywele, kwenye zulia, na ndani ya sikio la mtoto mmoja. Kwa mboga chungu nilichemsha karela. Mmoja alionja, akatema kwenye kiganja changu, akasema, "Mimi nabaki Misri."

Halafu damu. Nilikuwa na boksi la friji lililokatwa mlango, rangi nyekundu ya maji na brashi. Nikasimulia vizuri tu, kwa sauti ya kutisha: malaika anapita usiku, nyumba isiyo na damu mlangoni, mtoto wa kwanza anakufa. Mwenzangu alinifinya, lakini maneno yalishatoka.

Binti mmoja wa miaka minne akauliza, "Mimi ni wa kwanza. Nitakufa?"

Nina kifungua mimba wangu Mwanza, analelewa na mama yangu. Hadithi hiyo nimeisikia tangu utotoni, na sikuwahi kufikiri kwamba inamhusu mtu ninayemjua.

"Hufi," nikamwambia. "Tunapaka rangi."

"Na yule bibi wa chini? Mtoto wake?"

Bibi wa chini ndiye mwenye nyumba yetu, huwapa watoto pipi kwenye ngazi. Nikajibu kijinga kwamba anaye mmoja tu.

"Basi ni wa kwanza," akasema binti.

Tukageuka kumhudumia wa karela, ambaye sasa alikuwa anatapika. Tulipoinua vichwa, chumba kilikuwa kitupu. Rangi haipo, brashi haipo.

Tuliwakuta chini. Mlango wa mwenye nyumba, pamoja na karatasi zake nyekundu za mwaka mpya, ulikuwa unachuruzika. Bibi akafungua. Nyuma yake alisimama huyo mtoto aliyekuwa anaokolewa: baba mzima mwenye kitambi, yuko na kaptula, simu mkononi.

Bibi akafoka. Kichina changu ni cha sokoni: bosi, ghali, punguza, hakuna. Nikajitahidi kueleza kwa heshima zote. Baadaye niliambiwa nilichosema ni, "Bosi, mtoto wako, kufa, punguza."

Mwenzangu alifumba macho. "Mon Dieu, nyamaza."

Aliyetuokoa ni yule binti. Yeye anasoma chekechea ya Wachina, na lugha anaitiririsha. Akaeleza kwa muda mrefu, akionyesha juu, akionyesha mlango, akimwonyesha yule baba wa kitambi. Mwenye nyumba akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza kitu, bila kucheka.

"Anasemaje?" nikanong'ona.

"Anauliza malaika akizungukia mlango wa jikoni itakuwaje."

Watoto wakaingizwa ndani, wakapaka na wa jikoni. Mwanawe aliwashikia kikombe cha rangi. Kisha mwenye nyumba akanikabidhi ndoo na tambara na kunionyesha ngazi zote tulizochafua.

Wazazi waliposhuka kutoka ibadani walitukuta tumepiga magoti, na magauni yetu ya Jumapili, tunasugua.

"Wamejifunza nini leo?" mzee wa kanisa aliuliza.

"Pasaka," akajibu mwenzangu, hajainua uso. "Shika tambara, papa."

Akashika.