Mkia wa Landrova ya Mjomba Sufo

Kila alfajiri, akishasali na kabla ya kunywa chai, mjomba wangu Sufo alikwenda nyuma ya Landrova, akaikalia bampa kwa uzito wake wote, kisha akaruka pembeni na kuhesabu. Gari likipanda na kushuka mara moja likatulia, ni zima. Lake lilinesa mara tano, siku nyingine sita. "Leo saba," alimwambia mama asubuhi moja, kwa sauti ya mtu anayetoa habari za mgonjwa.

Gari halikuwa lake hasa. Lilikuwa la shamba la minazi hapa Quionga, na meneja alipokimbilia Porto Amélia, mwaka wa tatu wa vita, alimwachia mjomba, dereva wake, alitunze nyumbani. Akalitunza. Ila shokapu za nyuma, ambazo kule shambani waliziita amortesedori, zilikuwa zimekwisha. Mafuta yalishavuja, yakabaki mabomba matupu.

Mama yangu, Atija, ni dada yake mjomba. Mwaka ule alikuwa mjamzito. Mimba iliyotangulia mtoto alikwama akafa, na mama mwenyewe aliponea tundu la sindano. Muuguzi wa Palma, mji wa jirani, akasema safari hii asizalie nyumbani, apelekwe hospitali ya Mocímboa kabla uchungu haujaanza. Lakini njia ya Mocímboa ilitegwa mabomu. Magari yalipita Alhamisi tu, kwa koluna, msafara wa jeshi la wakoloni, na kila gari lilipaswa kupitisha magurudumu ndani ya alama za lililotangulia. Nje ya alama hujui unakanyaga nini.

Alhamisi ya kwanza tulikwenda, hatukufika mbali. Kila penye shimo mkia wa Landrova uliruka, ukatua shubiri mbili nje ya alama. Sarjento aliyeongoza koluna akatusimamisha.

"Gari hili linacheza ngoma," akasema. "Litaua watu wangu. Rudi."

"Nipe wiki moja, sinyori."

"Wiki ijayo likiruka hata mara moja, nakuacha hapo hapo."

 Muuguzi alishamhesabia mama siku zake, na Alhamisi ya tatu isingemkuta hajajifungua.

Mjomba akapata shokapu mbili Palma, kwa Mussagy mwenye duka. Zilikuwa mpya, lakini zimelala chini ya meza yake miaka mitatu. Jirani yetu Momade, fundi wa mitumbwi, alikuja kusaidia. Akaichukua moja, akaivuta, ikaja bila ubishi.

"Sufo, umeuziwa maiti."

"Imelala tu." Mjomba akaisimamisha wima, akaikandamiza, akaivuta, akaikandamiza tena. Mara ya nane ikaanza kukaza. Mara ya kumi na mbili mishipa ya shingo ilimtoka. "Hewa iliingia kwenye mafuta. Haya, ivute sasa."

Momade akavuta kwa mikono miwili, ikagoma, akairudisha.

Wakaliinua gari kwa jeki na kuweka magogo chini ya eksili, maana eksili ikiachwa ining'inie huvuta mpira wa breki. Bolti za zamani zilikuwa zimeliwa na chumvi ya bahari. Zilimaliza mafuta ya taa ya chupa nzima na siku mbili za nyundo. Mipira midogo inayovishwa kwenye zile bolti, minane, mjomba akampa Momade aifute vumbi na kuileta asubuhi.

Asubuhi ya Jumanne Momade akaileta ndani ya kopo, ikinuka mpaka barazani. Alikuwa ameilaza kwenye sifa, mafuta ya ini la papa. Ilikuwa imevimba kama maandazi, ukiiminya inabonyea.

"Nani kakwambia uipake?" mjomba akauliza.

"Hakuna. Chombo gani hakipakwi sifa? Mtumbwi wa baba yangu una umri kukushinda."

"Hiki kina magurudumu, Momade."

"Basi niliitakia mema tu."

"Bwana Momade," mama akasema kutoka mkekani, "mkinifikisha hospitali, mimi msinipake."

Mjomba hakucheka. Mussagy hakuwa na mipira mingine, na zilibaki siku mbili. Alikuwa akiitazama miguu ya Momade.

"Vua."

"Nini?"

"Katambuga. Hizo ni tairi."

"Sufo, nimezivaa miaka minne hizi."

"Ndiyo maana nazitaka. Zimekomaa."

Akazikata duara kwa patasi, akatoboa kila kipande kwa nondo iliyopashwa moto mpaka uwanja mzima ukafuka moshi mweusi. Akavivisha kwa maji ya sabuni, mafuta yoyote akayapiga marufuku. Jumatano adhuhuri shokapu zilikuwa mahali pake. Momade akashika spana akaze.

"Bado. Likae chini kwanza, libebe uzito wake. Ukikaza likiwa juu, mipira itajipinda ikatike njiani."

Wakalishusha, wakalala mchangani, wakakaza. Kisha mjomba akaikalia bampa, akaruka pembeni. Gari likashuka, likapanda, likasimama. Momade akaenda kujaribu mwenyewe, peku, mara tatu.

Alhamisi lori lilikuwa mbele, nyuma yake jipu la sarjento, kisha sisi. Nilikaa nyuma nimemshika mama. Baada ya kijiji cha Olumbi palikuwa na korongo ambapo hata jipu lilirushwa, na sarjento akageuka kututazama. Mkia wetu ulizama, ukainuka, ukatulia. Nikachungulia nyuma. Mchangani kulikuwa na mistari miwili tu, kama lililopita ni gari moja.

Ijumaa alfajiri mama alijifungua mtoto wa kike, aliyetoka akilia kwa hasira. Saa tatu sarjento akaja hospitali na karatasi. Alikuwa amelipenda gari na amempenda dereva: kuanzia Alhamisi ijayo watangulie koluna, mbele ya lori. Anayetangulia hana alama za kufuata.

"Ndiyo, sinyori," mjomba akasema.

Sarjento alipoondoka, mjomba akampa Lázaro, karani wa hospitali, ufunguo wa gari autundike msumarini. Akaingia kwa mama, akampokea mtoto, akamwadhinia sikio la kulia, akamkimia la kushoto. Akamtazama kwa muda, uso wote umemchangamka.

"Unakwenda wapi, kaka?" mama akauliza.

"Usiniulize, mdogo wangu. Wakikuuliza, usiwe na la kuficha."

Akavaa kofia yake, akapitia mlango wa jikoni. Wanawake walikuwa wakichambua mchele pale, akawasalimu mmoja mmoja, akaulizia watoto wao, akatoka. Hakurudi.