Kesi ya Sellah na Shemeji Yake

Sellah hakuweza kutulia. Benchi la nje ya mahakama ya Kakamega lilikuwa limemzoea kwa miaka minne, lakini asubuhi hiyo ya mwaka 1996 alikaa, akainuka, akachungulia ubao wa kesi, akarudi, akainuka tena. Wakili wake alimwambia hakuna la kuogopa. Wameshapatana, hakimu atasoma makubaliano, kesi iondolewe, faili ifungwe.

Hapo ndipo wasiwasi wake ulipokuwa. Faili ikifungwa, atabaki na nini mkononi?

Mumewe, Cornelius, alikuwa hajamaliza mwezi kaburini pale ndugu yake, Wangila, alipong'oa mikonge ya mpaka na kuisogeza hatua kumi ndani ya miwa ya Sellah, huko Malava. "Hii shamba ni ya ndugu yangu," alisema. "Mwanamke hanaga mpaka." Sellah, ambaye hakuwa amewahi kubishana hata na muuza samaki, akauza ndama, akaenda kushtaki.

Mwezi uliopita Wangila alisalimu amri. Aliirudisha mikonge kwa jembe lake mwenyewe, wazee wa kanisa wakitazama. Kisha akaleta kuku, kuku akapikwa nyumbani kwa Sellah, kwa maana huku kwetu ugomvi hauishi mpaka watu wale pamoja. Sellah akapakuliwa paja. Firigisi, ambayo kila mtoto wa Malava anajua ni ya mwenye boma, Wangila aliitia mdomoni bila hata kufikiri. Jambo dogo, mgeni angesema. Tangu siku hiyo Sellah hakupata usingizi wa maana.

"Mmepatana?" hakimu aliuliza.

"Ndiyo, mheshimiwa," alisema Wangila.

Wakili akamkanyaga Sellah mguu.

"Na wewe, mama?"

"Mheshimiwa, karatasi inasema shamba ni langu. Lakini huyu alikuja nyumbani kwangu akakula firigisi."

Watu waliangua kicheko, hata karani akainamia meza. Hakimu hakucheka.

"Mama, firigisi siwezi kuiandika kwenye amri ya mahakama. Unaondoa kesi, au tuite mashahidi?"

Sellah akamgeukia Wangila. Mwanamume yule mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto alikuwa akitazama viatu vyake. Sellah hakumwamini bado. Lakini alikuwa amechoka, jamani, amechoka hadi mifupani.

"Naondoa," alisema.

Kesi ikafutwa, kila upande ujilipie gharama zake. Muda wote uliotumika haukuzidi ule wa kumenya ndizi. Aliporudi Malava hakuingia nyumbani. Alipita kwanza mpakani, akavuta mkonge mmoja mmoja kuona kama umeshika. Kesho yake akaenda tena. Na kesho kutwa.

Jumapili, baada ya kanisa, Wangila alibisha hodi na mkewe Phoebe, jogoo kwapani. Hakusema amekuja kwa nini. Phoebe alipika, ugali ukasongwa, wana wa Wangila wakaitwa, wote watatu, wanaume wazima.

Bakuli lilipofika, Wangila alinawa, akatafuta kwa vidole ndani ya mchuzi, akatoa firigisi na kuiweka katika sahani ya Sellah, wanawe wakitazama.

"Kula, shemeji," alisema. "Ni yako."

Jogoo alikuwa mzee, na firigisi ilikuwa ngumu. Sellah aliitafuna polepole, yote, akiwatazama mmoja mmoja.