Siku Niliyompelekea Mpangaji Wangu Msiba

Bora mlisikie kwangu kabla watu wa Tunduma hawajawasimulia na kutia chumvi: mimi ndiye yule mwenye nyumba aliyepeleka watu tisa, sufuria mbili na kilio kizito kwenye nyumba ambamo hakuwa amekufa hata kuku. Aibu niliyoipata siku ile sijawahi kuipata tena, na nashukuru, maana sidhani kama mwili wangu ungeibeba mara mbili.

Mimi ni fundi cherehani hapa Vwawa. Mama yangu alipofariki aliniachia kipande cha shamba la kahawa kule kwetu Iyula, nami baada ya kukosa usingizi wiki nzima nikakiuza, nikajenga vyumba vitatu Tunduma, kwa sababu kila niliyemuuliza aliniambia Tunduma chumba hakikai wazi. Mke wangu, Mama Neema, hakutaka kabisa. Siku tunapaua alisimama akaziangalia kuta, akasema, "Baba Neema, kahawa ya mama umeigeuza tofali. Haya. Zikikushinda usije ukanililia mimi." Kwa hiyo mjue kwamba vile vyumba havikuwa vyumba tu, vilikuwa ndiyo heshima yangu iliyobaki ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Sasa mimi nikiwa mgeni wa kazi ya kupangisha, nilitaka nionekane mwenye nyumba mzoefu. Fundi mwashi aliniambia milango iwe mipana, mimi nikamwambia punguza, mbao zitaisha (nimepima viuno vya watu miaka ishirini, lakini kabati sikuwahi kulipima hata siku moja). Halafu nikaandika Masharti ya Nyumba, masharti kumi na tisa, nikayabandika ukutani. La saba lilisema ni marufuku kugusa mlango, fremu au dirisha bila ruhusa ya mwenye nyumba kwa mdomo wake mwenyewe. Hilo la mdomo wake mwenyewe nililipenda sana, nilikuwa nalisoma kwa sauti.

Chumba cha kwanza akaingia mwalimu mmoja, binti mpole asiye na makuu. Cha pili akaja Mama Mwape, muuza vitenge, kwao ni Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ila mumewe ni Mtanzania, dereva wa lori, wiki zote yuko barabarani. Tukaelewana kila kitu, na tulipokuwa tunaagana akaniuliza, "Baba mwenye nyumba, Kibemba unasikia? Maana mimi nikichanganyikiwa, Kiswahili kinanikimbia chote."

Jamani, jibu la swali lile lilikuwa "hapana". Kibemba nilikuwa najua maneno mawili tu, mulishani la kusalimia na natotela la kushukuru, niliyookota nikienda kununua vitenge. Lakini nikaona mwenye nyumba wa Tunduma asiyejua Kibemba ni mwenye nyumba gani huyo, na mama wa watu asije akabadili mawazo, nikajibu, "Mama, Kibemba kwangu ni kama nyumbani." Akafurahi, nami nikafurahi, nikarudi zangu Vwawa kifua mbele.

Alhamisi yake, siku anayohamia, niko kwenye cherehani nashona sare za shule, saa saba hivi mchana, simu ikaita. Ni Mama Mwape, analia kabisa, nyuma yake kuna mtu mwingine anagonga kitu na kupiga kelele. "Batata! Batata, ngafweniko! Bamayo bali mu ng'anda! Ngafweniko!" Nikaitikia "eeh, eeh, nasikia" kama mtu anayesikia, halafu ikakata. Nikapiga, haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani.

Naomba mnielewe hapa. Mimi Mnyiha. Kwetu ukisikia "fwa" kwenye neno, mtu amekufa, hakuna tafsiri nyingine. Batata nilikisia ni baba, yaani mimi, na bamayo ni mama. Ng'anda sikuijua, lakini kwa namna mtu alivyokuwa analia ningehitaji kuijua ya nini? Mama yake, niliyemwona kwa macho yangu siku ile ya kuelewana, bibi mwembamba mwenye kicheko kikubwa, amefia kwenye chumba changu, hata mkeka hawajatandika!

Nilimwonea huruma yule mama, kweli kabisa, nikamkumbuka na wa kwangu, lakini nisiwafiche, nilivionea huruma na vyumba vyangu. Nyumba mpya ikianza na maiti, nani ataingia tena? Nikampigia mwalimu, hapokei, yuko darasani. Hapo mtu mwenye akili angepanda gari peke yake akaangalie kwanza. Mimi nikasema hapana, nitawaonyesha kwamba mwenye nyumba wao ni mtu wa watu. Nikamwita Mama Neema, Mama Neema akawaita wenzake wa kwaya, na Mama Neema kwenye msiba hana mchezo, nusu saa haikupita mchele, maharage, sukari na sufuria mbili za kupikia shughuli zimepangwa, tukakodi Noah, watu tisa, tukaondoka. Njia nzima wanaimba nyimbo za maombolezo taratibu, mimi mbele kwa dereva natunga maneno ya kumfariji mfiwa.

Kufika, kama mnavyojua, kina mama wa kwetu hawasubiri kuambiwa. Mlango wa Noah umefunguka tu, kanga ziko viunoni, kilio kimepanda: "Mama yetuuu! Umetuacha na naniii!" Wapita njia wakasimama, boda wakazima pikipiki.

Mama Mwape alikuwa amekaa uani juu ya godoro lake, kajishika kichwa. Alipotuona akainuka. Akaniangalia mimi, suti nyeusi. Akamwangalia Mama Neema anavyojitupa chini. Basi naye akajishika kiuno, akatoa ukelele mmoja mkali na kuanza kulia kutushinda sisi sote, maana yeye alidhani tumefiwa, tumekuja kumpa taarifa! Mimi nikaona sawa, huyu ndiye mfiwa mwenyewe, uchungu unamtoka. Tukakumbatiana naye. Analia anasema "pole, baba, pole sana", nami nalia nasema "pole wewe, mama", na wala hakuna aliyejiuliza kwa nini tunapeana pole huku na huku.

Katikati ya hayo mwalimu akarudi kutoka shule. Akasimama getini, akatazama, akapita pembeni kuingia chumbani kwake, na baada ya muda nikamwona kupitia dirisha anashusha mapazia. Nikajua ndiyo hivyo, ameshaanza kufunga mizigo, na Mama Neema amemwona vilevile, kwa sababu katikati ya kilio alifungua jicho moja akaniangalia mimi.

Nikaona niseme maneno kabla mambo hayajaharibika zaidi. Nikanyoosha mkono, wakanyamaza. "Ndugu zangu," nikasema, "tumekuja kumshika mkono binti yetu Mama Mwape, aliyeondokewa leo na mama yake mzazi katika nyumba hii."

Mama Mwape akaacha kulia palepale. "Mama yupi?"

Na kutoka ndani ya chumba, nyuma ya kabati kubwa la mninga lililokuwa limekwama mlangoni, nusu ndani nusu nje, ikatoka sauti, "Nani amekufa? Mbona hamniambii?" Kikachungulia kichwa juu ya kabati, kitambaa kimekaa upande, kicheko hakipo ila macho yako hai kabisa.

Kina mama wawili wa kwaya walikimbia mpaka barabarani. Mimi sikukimbia, kwa sababu miguu ilikataa.

Ndipo Mama Mwape akaeleza, kwa Kiswahili kilichonyooka sasa. Bibi alitangulia ndani kuonyesha pa kuweka kabati, kabati likaletwa, likakwama kwenye ule mlango wangu wa kubana mbao, halirudi haliendi, dirisha lina nondo, bibi yuko ndani. Waliolibeba wakataka kung'oa fremu, yeye akakumbuka sharti la saba, akanipigia nitoe ruhusa kwa mdomo wangu mwenyewe. "Nikakwambia ngafweniko, nisaidie, mama yuko ndani ya nyumba. Ukasema eeh, eeh, simu ikaniishia chaji. Nikajua unakuja na fundi!"

Nisaidie. Neno lote lile, na maana yake ni nisaidie tu.

Watu walicheka mpaka boda mmoja akakaa chini. Mimi nililia. Nasema kweli, niliegemea lile kabati nikalia machozi ya haki, kwa furaha kwamba yule bibi yu mzima, maana mama yangu mimi, nilipoitwa hivyo, nilimkuta kweli ameshafariki. Bibi akapitisha mkono juu ya kabati akanishika kichwa. "Nyamaza, mwanangu," akaniambia, "lakini huu mlango wako utoe."

Bahati nzuri mmoja wa kwaya ni seremala. Fremu ikang'olewa, kabati likapita, bibi akatoka akipigiwa vigelegele na watu walewale waliokuwa wakimlilia. Mama Neema akasema chakula kilichotoka kwa ajili ya msiba yeye harudi nacho nyumbani, kikapikwa palepale, marehemu akala sahani mbili. Mwalimu alipoona wali na maharage vinagawiwa, akatoka na sahani yake. Mapazia? Alikuwa anayashusha ili ayatandike waombolezaji wakae.

Njiani kurudi Mama Neema aliimba na wenzake mpaka tumekaribia Vwawa. Halafu akasema, "Zile tofali si mbaya." Akageukia dirisha, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Milango yote mitatu nimeipanua, masharti nimeyabandua, na nimeapa sitasema tena najua nisichokijua, hata kama mpangaji ananiponyoka. Boda wa Tunduma ukiwaambia wakupeleke kwangu watakuuliza, "Kwa marehemu?" Juzi Mama Mwape amenipigia, "Batata, ngafweniko!" Nikakaa chini kwanza, nikamuuliza taratibu, "Nani?" Akajibu, "Bomba la maji."