Anayekunywa Baada ya Ledesma

Kinu chetu cha nyuklia ni kidogo mno, hata kukisifia unaona haya. Kimekaa nyuma ya kitivo cha uhandisi, jirani na kiwanja cha mpira, na joto linalotoka humo halitoshi kuchemsha maji ya kibuyu kimoja cha yerba, ile chai yetu chungu ya kunywa kwa mrija. Ni kinu cha kufundishia. Wanafunzi wanakuja, wanakiwasha, wanakizima, wanaondoka na alama zao. Kwa hiyo tukitangaziwa kwamba kesho kuna zoezi la dharura, tulikuwa tunacheka waziwazi. Dharura gani? Ya kuteleza kwenye ngazi?

Asiyecheka alikuwa mmoja tu, Injinia Griselda Maidana, msimamizi wa usalama wa mionzi. Tulimbandika jina la King'ora. Alilijua, na wala halikumnyima usingizi. Ni mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, anayekuja kazini kwa baiskeli hata mvua ikimwagika, na mpaka leo anaishi na mama yake. Baba yake alikuwa mlinzi wa kivuko cha reli huko mashambani kwenye ngano. Aliteremsha kizuizi kwa kila treni, hata kwa kile kichwa kitupu kinachorudi karakana wakati barabarani hakuna hata mbwa. "Naye walimcheka vilevile," aliniambia siku moja nilipomtania. Kisha akaniuliza kama nimemeza dawa yangu ya presha, maana alikuwa anajua dawa za kila mtu pale.

Sikuwa nimemeza. Nikamwambia nimemeza.

Jina langu ni Rogelio Bustos, fundi wa pampu na feni, lakini kazini hakuna anayelitumia. Pale mimi ni Bonge, na ukiniona huhitaji kuuliza kwa nini. Naandika habari za Injinia kwa sababu anastaafu mwaka huu, na kwa sababu namshukuru kuliko ninavyoweza kumwambia ana kwa ana. Nikijaribu ananikatiza na kuniuliza habari za feni.

Mwaka ninaousimulia, kibali cha kinu kilikuwa kinakwisha. Wakaguzi walikuwa waje kutoka Buenos Aires watutazame tukifanya zoezi. Tukishindwa, kinu kinafungwa, nasi tunatawanywa huku na kule, mwingine maktaba, mwingine bustanini. Profesa Zubeldía, mkurugenzi wetu, alikuwa hata chakula hakimpandi.

Zoezi la kwanza tulilifanya vizuri mpaka tulipolivuruga wenyewe. King'ora kililia, tukatoka bila kusukumana, tukasimama kwenye kibao cha kukusanyikia kando ya kiwanja. Mkaguzi mkuu, Bibi Etchart, alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Hapo mzee Ledesma, mwendeshaji wetu wa kinu, akatoa chupa ya maji moto kwapani na kibuyu mfukoni. Watu wa kwetu hata nyumba ikiungua, yerba haiachwi ndani. Akamimina, akanywa cha kwanza, akamimina tena, akanipa mimi. Kibuyu kikazunguka, mrija mmoja midomo yote, kama kila asubuhi ya maisha yetu. Bibi Etchart naye akapewa, akapokea, kwa sababu kukataa ni utovu wa adabu.

Injinia akaja na taa ya zambarau mkononi. Kumbe asubuhi alikuwa ameupaka mpini wa mlango wa chumba cha kinu unga usio na madhara, unaong'aa ukimulikwa na taa ile. Unga huo ndio uliokuwa vumbi letu la mionzi la kuigiza. Alimulika mikono ya mzee Ledesma, ikang'aa. Akamulika kibuyu, kikang'aa. Kisha akapandisha taa kwenye nyuso zetu, na midomo ikawaka mmoja baada ya mwingine, wangu, wa Profesa, mpaka wa Bibi Etchart.

"Vumbi mmelila wote," Injinia alisema. "Aliyesalimika ni paka."

Bibi Etchart alijifuta kwa leso na wala hakucheka. "Nitarudi kabla ya baridi," alisema. "Nikikuta picnic tena, nafunga."

Karakanani kukawa na msiba. "Atuharamishie sigara, atuharamishie na nyama ya Ijumaa," mzee Ledesma alilalama, "lakini kibuyu? Tumekuwa Waingereza sasa?"

"Hakuna aliyekuharamishia, mzee wangu," Injinia alimjibu kutoka mlangoni. "Kibaki ndani tu."

"Kibaki ndani na nani?"

Tulivunjika mbavu. Yeye alisubiri tumalize. Alikuja kutusuta kwa jambo lingine lililokuwa linamkera zaidi, namna tunavyoitikia majina kwenye kibao cha kukusanyikia. Kila zoezi akiita, mtu alikuwa anamwitikia mwenzake aliyejificha chooni, kwa mzaha tu, na yeye anaambiwa watu wametimia. "Siku mtu akibaki ndani kweli, nitaambiwa yupo nje," alisema. Sisi tukaendelea na kibuyu chetu kana kwamba tumeziba masikio.

Mzee Ledesma alinipa mimi, nikanywa, nikamrudishia. Akamimina, akanyoosha mkono kushoto kwangu bila kutazama, na mkono ukabaki unaning'inia hewani.

"Mwembamba yuko wapi?" akauliza.

Injinia aliyekuwa anageuka aondoke akasimama. "Umejuaje kama hayupo? Hata hukutazama."

"Nitazame nini? Baada ya Bonge ni Mwembamba. Zamu yake."

"Na baada ya Mwembamba?"

Tukamjibu wote kwa pamoja, kama watoto wa chekechea: Delia. Na baada ya Delia? Tukajibu tena. Alivuta kigoda akaketi nasi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akauliza mpaka mzunguko ukaisha. Hakuna aliyekosea, wala hakuna aliyethubutu kumwitikia mwenzake, maana zamu ya mtu ya kunywa haiigizwi. Kwa mara ya kwanza nilimwona King'ora anacheka.

Tangu hapo tukawa tunafanya mazoezi yake mapya. Vibuyu vinabaki ndani. Nje tunasimama duara kama tunavyokunywa, mzee Ledesma anapitisha mkono mtupu kwa kila mmoja, na kila mmoja anaugusa kwa kiwiko. Wanafunzi walipita wakitucheka mpaka wakajishika viuno. "Angalia wazee wanacheza ngoma!" Nami ndiye niliyeongoza kejeli. Nilimwambia Injinia mbele ya watu kwamba akinitafuta siku ya zoezi nitakuwa nyuma ya ghala na sigara yangu, anyooshe mkono mpaka uchoke.

Wakaguzi walirudi. Kazi yangu king'ora kikilia ni kushuka chini kuzima feni za hewa, halafu nipande niwafuate wenzangu. Nilishuka, nikazima. Nilipoanza kupanda ngazi, kifua kikabanwa kama mtu amenikalia. Nakumbuka ubaridi wa sakafu kwenye shavu. Yaliyofuata nimesimuliwa, na nimeyadai kwa kila aliyekuwepo mpaka wamenichoka.

Nje mambo yalikuwa yanakwenda vizuri ajabu. Gari la wagonjwa lilikuwa langoni kwa ajili ya zoezi. Mwanafunzi mmoja aliyepakwa sosi ya nyanya usoni, mgonjwa wa kuigiza, alikuwa ameshatolewa ndani juu ya machela, na Bibi Etchart aliridhika. Profesa akahesabu vichwa, idadi ikatimia. Hakugundua kwamba dereva wa wakaguzi alikuwa amesogea kuota jua katikati yetu.

Mzee Ledesma akanyoosha mkono mtupu. Ukabaki hewani.

"Bonge hayupo," alisema.

"Hesabu imetimia," Profesa alimnong'oneza Injinia. "Bonge yuko nyuma ya ghala anavuta sigara, si alisema mwenyewe? Unamjua yule. Ukisimamisha sasa tumekwisha, Griselda. Maliza kwanza, ukamfokee baadaye."

"Na kama hayupo nyuma ya ghala?"

"Atakuwa wapi basi?"

Hakubishana naye. Alichukua kipaza sauti akasema yale maneno ambayo kwa taratibu zetu yanavunja kila kitu na kulifuta zoezi lote: "Simameni. Hili si zoezi. Narudia, hili si zoezi." Delia anasema Profesa alifunga macho.

Injinia akaingia ndani na Mwembamba pamoja na wauguzi wawili wa lile gari. Kwanza walikwenda moja kwa moja kwenye feni, kwa sababu alijua kila mmoja wetu hupitia wapi. Wakanikuta chini ya ngazi, midomo imegeuka rangi. Muuguzi alianza kunisukuma kifua palepale. Mwembamba alipiga yowe la kuomba machela, na yule mwanafunzi wa sosi ya nyanya akaruka chini, akaikimbiza mwenyewe mpaka ndani. Mke wangu Mirta huwa anaombea mitihani ya kijana huyo kila Jumapili, ingawa hata jina lake hatujawahi kulijua vizuri.

Daktari aliniambia kwamba ningelala pale kidogo tu zaidi, Mirta angekuwa anapokea rambirambi.

Nawashukuru wote. Namshukuru mzee Ledesma na mkono wake, na dereva namsamehe jua lake. Namshukuru hata Bibi Etchart, aliyevua koti lake la bei akanifunika nalo mpaka garini.

Kibali tulikuja kukipata baridi ilipokwisha, baada ya kurudia zoezi lote tangu mwanzo, mimi nikiwa nimekalishwa kwenye kiti. Lakini jioni ile Injinia alipokuja kuniona hospitali, hakuna aliyejua kama tutapewa au tutafungwa. Alikuja na baiskeli, nywele zimemtimka kwa upepo wa mtoni, mkononi machungwa. Mirta alimkumbatia mlangoni, akakataa kumwachia. Injinia alisimama tu, mikono imemning'inia, hajui aiweke wapi.

Alipoachiwa akaja kuketi kando ya kitanda.

"Wamesemaje?" nikamuuliza. "Wanatufunga?"

"Sijawauliza."

"Injinia, umewaharibia watu wote kazi kwa ajili yangu. Ulijua wanatazama. Ungemaliza kwanza."

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha asiyoijua. Akaweka machungwa kwenye meza, moja moja.

"Kwani Bonge," alisema, "miaka yote hii ulidhani tunafanya mazoezi kwa ajili ya nani?"

Miaka yote hiyo nilidhani ni kwa ajili ya wakaguzi. Niligeuza uso ukutani wasinione, na unene wangu wote ule, nikalia.